Nani Atamzika Jirani?

Kwetu Afrika Mashariki watu huweza kukosana miaka mingi, wasisalimiane wala kuombana chumvi, lakini mmoja akifa mwenzake huja msibani. Ndiyo maana kilichotokea Mukono, Uganda, Januari 2011 kinapaswa kuwasumbua Wakristo hadi leo. David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga, aliuawa nyumbani kwake. Miezi michache kabla, gazeti moja la Kampala lilikuwa limechapisha picha na majina ya watu waliodaiwa kuwa mashoga, yeye akiwemo, likitaka wanyongwe. Siku ya maziko, mchungaji wa Kianglikana aliyeongoza ibada aliwashambulia mashoga kwa maneno mbele ya jeneza, vurugu zikazuka, na wanakijiji wakakataa kuzika. Rafiki za marehemu walilibeba jeneza wenyewe, naye Christopher Senyonjo, askofu mstaafu aliyekosana na viongozi wa kanisa lake kwa sababu ya kuwahudumia mashoga, akasali kaburini.

Sibishani hapa na Mkristo anayeamini kwamba tendo la ndoa kati ya watu wa jinsia moja ni dhambi. Ninalosema ni kwamba mafundisho anayoyategemea, akiyasoma yote, hayampi ruhusa ya kumtupa mwenzake. Mwaka 1998, maaskofu wa Kianglikana waliokutana Canterbury, Uingereza, katika Mkutano wa Lambeth, walipitisha kwa kura 526 dhidi ya 70 azimio kwamba tendo hilo halipatani na Maandiko. Maaskofu wengi wa Afrika walilipigania, na mpaka leo hulishikilia. Azimio hilohilo linawahakikishia waumini wanaovutiwa na watu wa jinsia yao kwamba Mungu anawapenda na kwamba ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo. Tena linalaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inaagiza wapokewe kwa heshima na huruma. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba kuwa shoga si jinai, huku akikiri kuwa kanisa lake linalihesabu tendo lenyewe kuwa dhambi. Mimbarani husikika ile sehemu ya dhambi. Sehemu ya heshima wengi hawajawahi hata kuisikia.

Wapo watakaosema kwamba kupenda ni pamoja na kukemea. Ni kweli, ila anayekemewa kwa upendo lazima kwanza awe na mahali pa kuketi kanisani, na maiti hakemewi. Wengine watasema haya ni mashinikizo ya Wazungu. Basi tuwaweke kando Wazungu. Mfano wa Msamaria mwema utabaki palepale, na ndani yake hakuna anayemuuliza majeruhi ameishi vipi kabla ya kumfunga vidonda. Wengine watataja usalama wa watoto. Hofu ya wazazi ni halali, lakini anayemnajisi mtoto huadhibiwa na sheria awe nani, na hakuna anayetaka sheria hiyo iondolewe.

Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga iliweka kifungo cha maisha, na hata kifo kwa makosa fulani. Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Stephen Kaziimba, aliishukuru serikali kwa sheria hiyo, ingawa kanisa lake lilipinga adhabu ya kifo na kutaka kifungo cha maisha. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, ila ikafuta vifungu vichache, kikiwemo kile kilichomtaka mtu kumripoti mwenzake polisi. Majaji walisema vifungu hivyo vinakiuka haki ya afya, ya faragha na uhuru wa dini. Inauma kwamba walioona kosa la kumgeuza jirani kuwa mpelelezi walikuwa majaji, ilhali amri ya kumpenda jirani ilikabidhiwa kanisa. Mchungaji utakayeitwa kesho kwenye msiba kama ule wa Mukono, mzike marehemu, na ndugu zake uwape mkono.