Homa ya mgonjwa wa saratani haifai kungoja foleni

Mama huyo alifika hospitalini saa moja jioni, amejifunika leso mbili na huku akitetemeka. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa ametiwa dawa za kemotherapi jijini Nairobi kwa ajili ya saratani ya matiti. "Sista, mama ana homa," binti yake aliniambia. Nilimpima joto, likawa nyuzi 38.4. Nikaliandika kwenye kadi, nikampa tembe mbili za paracetamoli na kuwaomba waketi kwenye benchi wamngoje daktari, ambaye wakati huo alikuwa katika chumba cha upasuaji.

Mbele yao kulikuwa na mtoto aliyeungua kwa maji moto na kijana aliyevunjika mguu. Saa nne usiku joto la mama lilikuwa limeshuka, nami nikafurahi. Alfajiri mikono yake ilikuwa baridi, na presha yake imeanguka kiasi kwamba sikuweza kuisoma. Aliaga dunia kabla ya adhuhuri.

Hospitali hiyo sitaitaja, kwani kosa lilikuwa langu. Nalisimulia kwa sababu laweza kutendeka usiku wa leo katika hospitali nyingi za kaunti zetu, na atakayelitenda huenda akawa muuguzi mwenye bidii kuliko wenzake wote.

Yafaa ieleweke kwamba dawa za kemotherapi haziui chembe za saratani pekee. Huudhuru pia uboho wa mifupa, ambako chembechembe nyeupe za damu hutengenezwa. Kwa kawaida chembechembe hizo hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Zile ziitwazo neutrofili zikishuka chini ya 500 katika kila mikrolita ya damu, mwili hauna tena askari wa kutegemewa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tumezoea kutafuta usaha, uvimbe au kikohozi chenye makohozi. Lakini usaha wenyewe ni mizoga ya askari hao. Bila wao kidonda chaweza kuonekana kisafi, na hata eksirei ya kifua ikaonyesha mapafu yasiyo na dosari, ilhali viini vimekwisha kuingia katika damu. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee, na kuna wagonjwa, hasa wazee na wanaomeza dawa za steroidi, ambao hata hiyo hawaipati. Hao huja wakilalamikia kizunguzungu tu, au jamaa zao hueleza kwamba tangu asubuhi mzee anazungumza mambo yasiyoeleweka.

Kanuni yenyewe si ngumu. Joto likifika nyuzi 38.3 mara moja, au likikaa nyuzi 38 kwa muda wa saa nzima, mgonjwa aliyetiwa kemotherapi majuzi apewe antibiotiki ya kupitia mshipani katika muda wa saa moja tangu afike. Damu ya kukuzia viini ichukuliwe kwanza ikiwezekana, lakini majibu ya maabara yasingojewe. Aidha, asipimwe joto kupitia njia ya haja kubwa, wala asitiwe dawa huko, kwani mkwaruzo mdogo tu unatosha kuvipitishia viini mlango.

Na malaria je? Katika nchi yetu neno homa na neno malaria yamekuwa kama kitu kimoja. Mgonjwa apimwe malaria, bila shaka, hasa akitoka Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini kupatikana na malaria hakumkingi na viini vingine, na kungojea kipimo hicho kumekula saa ya wengi.

Sasa nauliza, kwa nini muuguzi amngoje daktari ili atoe dozi ya kwanza? Maoni yangu ni kwamba kila hospitali inayopokea wagonjwa hawa iwe na agizo la kudumu, lililotiwa saini na madaktari wake, linalomruhusu muuguzi wa zamu kuanza dawa hiyo mara moja. Wapo watakaosema kwamba antibiotiki zinatumiwa ovyo na kwamba tunazalisha viini sugu. Ni kweli, nami naliona jambo hilo kila siku. Lakini hapa hatuzungumzii mtu mwenye mafua. Tunazungumzia dozi moja, kwa mgonjwa anayejulikana, baada ya kuulizwa kama penisilini humdhuru. Daktari akifika ataamua kuendelea au kuacha.

Wengine watasema muuguzi anavuka mpaka wake. Hao wakumbuke kwamba ni muuguzi huyo huyo anayemdunga mama mjamzito magnesiamu apatwapo na kifafa cha uzazi, na hakuna anayemwambia angoje.

Dharura ya pili tunayoipuuza ni mgongo. Mtu mwenye saratani ya tezi dume, matiti au mapafu akisema mgongo unamuuma, hasa usiku akilala au akikohoa, asipewe dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Huenda uvimbe unaubana uti wa mgongo. Maumivu hutangulia, mara nyingi kwa wiki kadhaa, kisha miguu huwa mizito na mkojo hukataa kutoka. Anayetibiwa angali anatembea ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea. Ambaye miguu imekwisha kufa ganzi, ni nadra kuirudisha. Basi mwambie, "Mzee, hebu tembea hadi pale dirishani," umtazame. Muulize habari za mkojo wewe mwenyewe, tena faraghani, kwa maana hatamwambia kwa hiari yake msichana wa umri wa mjukuu wake. Ukiona dalili hizo alazwe chali, na daktari aitwe siku hiyo hiyo, si kliniki ya wiki ijayo.

Zipo dharura nyingine: uso unaovimba kila asubuhi na mishipa ya shingo kutuna (mketishe wima, wala usimtie dripu mkononi), au kiu isiyokwisha pamoja na kufunga choo na kuchanganyikiwa, ambayo huenda ni kalisi iliyozidi katika damu.

Ni jambo la kufurahisha kwamba siku hizi kemotherapi hutolewa katika hospitali kadhaa za kaunti. Hata hivyo, mgonjwa akizidiwa usiku hukimbilia kituo kilicho karibu naye, ambako pengine hakuna aliyewahi kuiona dawa hiyo. Kwa hivyo kila anayetibiwa apewe kadi yenye jina la dawa, tarehe aliyoipata na nambari ya simu ya wodi.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, nunueni kipimajoto. Mpimeni kabla ya kumpa paracetamoli, kwani tembe hizo hushusha joto na kuviacha viini vikiendelea na kazi yao. Mkifika hospitalini msiketi kwenye benchi. Nendeni moja kwa moja dirishani, mtoe kadi na kusema: "Sista, ametiwa dawa ya saratani siku tisa zilizopita, na ana homa."