Hiyo AI ya Thieta Imesomea Wapi?

Wasee wa Nchiru, tuongee ukweli kidogo. Sa hii ukiingia mtandaoni hukosi mtu anashangilia AI inayomtazama daktari akipasua mgonjwa, kisha inabashiri hatua inayofuata: sasa atashika makasi, halafu atakata. Watu wanapiga makofi. Mimi nauliza swali moja: hiyo AI imesomea wapi?

Nitakwambia. Mkusanyo mmoja wa video unaotumika sana kufunza programu za aina hii unaitwa Cholec80. Ni video 80 za kutoa kibofu cha nyongo, kazi ya madaktari 13 huko Strasbourg, Ufaransa. Kamera inaingia tumboni kupitia tundu dogo, na upasuaji umegawanywa kwa awamu 7. Programu inatazama mpaka inajua ipi hufuata ipi. Ni kukariri, vile sisi tulikariri jedwali la kuzidisha huko praimari.

Sasa lete hiyo kitu huku kwetu. Upasuaji unaofanywa sana Afrika ni ule wa mama kujifungua. Tumbo linafunguliwa wazi, hakuna kamera ndani. Mashine itabashiri nini na haijawahi kuona?

Na hata kama ingeona, bado. Mnakumbuka 2018 pale Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta? Madaktari walifungua kichwa cha mtu wakitafuta damu iliyoganda, wakaikosa. Kumbe mgonjwa mwenyewe alikuwa mwingine. Kosa lilifanyika kabla kisu hakijagusa ngozi. AI ya kubashiri hatua ingekaa hapo ikipata kila hatua sawasawa, kwa kichwa cha mtu asiyehusika. Hiyo ni noma.

Kinachosaidia kuzuia kosa kama hilo ni karatasi. Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha ya mambo 19 ya kukagua thieta: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vifaa vyote vimehesabiwa? Ilijaribiwa kwa hospitali 8, moja ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini karatasi haina video tamu, so hakuna anayeipigia makofi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "unapinga maendeleo". Zii. Chuo Kikuu cha Meru kiko hapa hapa Nchiru, na kina watu wa kompyuta na watu wa afya. Waketi meza moja. Wakusanye video za upasuaji wetu, kwa idhini ya mgonjwa, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na kitu cha kwanza wafunze mashine kisiwe kubashiri makasi. Iulize kwanza: huyu aliyelala hapa ni nani, na damu yake iko?

Ikishajibu hiyo, nitapiga makofi na nyinyi.