Goma: Anayepiga simu ya tahadhari anastahili jibu

Tarehe 14 Oktoba 2025, mjini Doha, wajumbe wa serikali ya Kongo na wale wa AFC/M23 walitia saini hati ya kuunda utaratibu wa kusimamia na kuhakiki usimamishaji wa vita. Kwa wakaaji wa Goma, habari ya namna hiyo si ngeni. Tangu 2012 nchi za Maziwa Makuu, chini ya ICGLR, zilileta mjini humo maofisa wao wa kuhakiki mambo ya mipaka. Umoja wa Mataifa ulifika mapema zaidi. Magari meupe yenye antena ndefu, sahani za satelaiti juu ya paa, jenereta zinazonguruma usiku huku mtaa wa jirani ukiwa gizani: yote hayo yanajulikana hadi kwa watoto. Ambacho wakaaji hawajakiona sana ni habari waliyoitoa wao ikiwarudia na jibu.

Shida ya ujumbe wa kimataifa katika Kivu ya Kaskazini haijawahi kuwa vifaa peke yake. Kiwanja, wilayani Rutshuru, ni ushahidi. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa huko, kwa hesabu ya Human Rights Watch, wengi wao mikononi mwa waasi wa CNDP. Kambi ya MONUC ilikuwa chini ya maili moja. Askari walikuwa na redio na magari. Hawakuwa na mkalimani wa kuzungumza na watu, na walipata kujua kilichotokea mambo yalipokuwa yamekwisha. Umbali ambao mama mwenye kichwa kizito cha muhogo anautembea bila kupumzika, habari haikuweza kuuvuka.

Miaka miwili haikutimia. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, mwezi mmoja tu baada ya MONUC kubadilishwa jina na kuwa MONUSCO, makundi yenye silaha yaliingia Luvungi na vijiji vya jirani wilayani Walikale. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13. Kambi ya Kibua ilikuwa kama kilometa 30. Luvungi hapakuwa na mtandao wa simu. Mbele ya Baraza la Usalama, Atul Khare, mmoja wa wakubwa wa idara ya kulinda amani, alikiri kwamba Umoja wa Mataifa nao ulishindwa.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, na lazima haki itendeke kwa kusema hivyo. MONUSCO iliweka katika kambi zake wasaidizi Wakongomani wa kuunganisha askari na jamii, na simu zikagawiwa vijijini: kwa chefu wa kijiji, kwa mwenyekiti wa shirika la raia, kwa kiongozi wa akina mama. Mwenye simu akiona watu wenye silaha anampigia msaidizi, na msaidizi anamwambia kamanda. Ni jambo dogo, la bei ndogo, na pengine ndilo bora kuliko yote ambayo ujumbe huo umeyafanya kuhusu mawasiliano.

Lakini itazamwe safari ya simu hiyo moja. Mama wa Masisi anaeleza kwa Kihunde au Kinyarwanda, au kwa Kiswahili. Msaidizi anaandika kwa Kifaransa. Ofisini Goma ripoti inageuzwa Kiingereza. Kamanda wa kambi, Mhindi au Mruguay, anazungumza na vijana wake kwa lugha nyingine kabisa. Kila mlango una mtu wa kupima kama habari ni ya kweli, kama inatosha kutoa gari usiku. Saa zinapita. Na mama aliyepiga bado ameshika simu, uniti zimekwisha, hajui kama kuna mtu anayekuja.

Desemba 2013 zilikuja droni. Goma ulikuwa mji wa kwanza duniani ambako walinda amani wa Umoja wa Mataifa walirusha ndege zisizo na rubani. Hazikuwa bure: Mei 2014 mojawapo iliona chombo kilichozama katika Ziwa Kivu, na watu wakaokolewa. Ila droni haiwezi kuuliza kwa nini soko la leo halina wanaume, wala kwa nini motari wamekataa kupita barabara fulani tangu asubuhi. Muuza maharagwe anajua, na hana haja ya satelaiti.

Wakubwa wa usalama hujibu kwamba habari haziwezi kugawiwa ovyo, kwamba kuna siri na maisha ya watu ndani yake. Hoja hiyo ina uzito. Kijana anayekamatwa na namba ya kambi ndani ya simu yake anaweza kuitwa mpelelezi na kuuawa. Lakini kumjibu aliyetoa habari si kumwaga siri. Maneno mawili yanatosha: tumesikia, tunakuja. Au hata yale machungu zaidi: tumesikia, hatuwezi kuja. Familia inayojua saa kumi za alasiri kwamba hakuna gari litakalofika bado ina saa mbili za mwanga wa kukimbia. Familia inayongojea inakutwa nyumbani.

Kuna jambo lingine lisilozungumzwa sana. Kambi zinafungwa. Ile ya Kamanyola, Kivu ya Kusini, ilikabidhiwa polisi wa Kongo tarehe 28 Februari 2024, na katikati ya mwaka huo shughuli za MONUSCO katika jimbo hilo zilikwisha. Majengo yalipokelewa kwa sherehe na bendera. Namba zilizokuwa zikipigwa usiku zinapokelewa na nani? Mpango wa kuondoka unaohesabu makontena bila kuhesabu namba za simu ni mpango wenye tundu.

Goma sasa iko mikononi mwa M23 tangu Januari 2025, na uwanja wa ndege ulifungwa vita vilipoufikia. Wahakiki wa Doha hawawezi kutegemea kuruka kila siku kwenda kuangalia nani amepiga risasi ya kwanza. Watategemea sauti za watu, wapende wasipende. Basi waanze na hizo. Kabla ya kununua sahani nyingine za satelaiti, waweke namba isiyomgharimu mpigaji uniti, inayopokelewa usiku na mtu anayesema Kiswahili na anayejua majina ya vijiji vya huko, na yenye amri ya kumpigia tena aliyetoa habari kabla ya giza. Na matokeo ya uhakiki yasomwe redioni kwa Kiswahili siku ile ile yanapopelekwa Doha. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, inatangaza katika lugha hiyo tangu mwanzo. Njia ipo tayari. Kinachongojewa ni ruhusa ya kuipitisha habari.