Shubiri ya kovu si tatizo letu

Ndugu mwandishi, asante kwa kueleza upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo. Ni kweli, kwa njia ya matundu madogo skrubu hupenyezwa huku daktari akitazama picha za eksirei, misuli haibanduliwi sana kwenye mfupa, damu haipotei nyingi na mgonjwa hutoka wodini mapema. Lakini mfupa hauna haraka. Kwa njia zote mbili, hiyo ya matundu na ile ya wazi, pingili huchukua miezi kushikana, na baadaye matokeo hayapishani sana.

Sisi wa Kasulu na Kibondo shida inaanza mapema zaidi. Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mchikichi, akapakizwa bodaboda, akabanwa katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba kila walipopita shimo. Nakumbuka vumbi jekundu kwenye kope zake. Alipasuliwa kwa njia ya wazi pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Leo anatembea, ana kovu la shubiri nzima na wala halimsumbui.

Naomba makala ijayo iwafundishe vijana wa bodaboda: aliyeumia mgongo halazimishwi kukaa, analazwa kwenye ubao, hata mlango uliong'olewa unafaa.