Maneno Tu

Mwezi uliopita sisi viongozi wa vikundi vya vijana tulikuwa na semina ya fikra tunduizi. Mwezeshaji, kijana mzuri tu aliyetoka mjini na kompyuta yake, akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani: USIAMINI UNACHOAMBIWA, TAFUTA USHAHIDI. Eti hiyo ndiyo falsafa yote kwa ufupi. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono: "Sasa hiyo nayo tuiamini kwa sababu umetuambia?" Tukacheka, tukanywa soda, tukasaini posho. Mimi niliondoka na hasira, na bado ninayo.

Sentensi ile naijua. Nilishakutana nayo mahali pengine, na pale hakuna aliyecheka.

Shangazi yangu alihojiwa mara mbili na ofisi moja, siitaji. Mara ya kwanza aliulizwa habari za usiku wa porini kabla ya kuvuka ziwa Tanganyika, akajibu: mbili. Mara ya pili, miaka mitatu baadaye, akajibu: tatu. Tarehe ya kuchomwa kijiji alinyamaza kwanza, akiihesabu kwa misimu ya mihogo. Barua ikarudi kwamba maelezo yake hayaaminiki, yanapingana, na hakuna hati ya kuyaunga mkono. Tulipoenda kuuliza, mtu wa dirishani akasema kwa upole kabisa: "Mama, hayo uliyotuletea ni maneno tu."

Maneno tu. Basi tuulize kama watu wazima: neno la mtu ni njia ya kujua, au ni kelele mpaka kitu kingine kilisimamie? Swali hili Ulaya wameligombania, na India wameligombania zaidi. Sisi Wakongo tuliosoma darasa la mwisho la sekondari kwa programu ya kwetu tulipewa somo la filozofia. Daftari langu limejaa Wagiriki na Wafaransa. India haimo hata mstari mmoja. Nilikuja kuikuta mwenyewe kwenye simu, usiku, chaji ikiwa asilimia nane.

John Locke, Mwingereza, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1690, anafundisha kwamba kubeba maoni ya wengine kichwani siyo kujua, hata yakitokea kuwa ya kweli. Lakini huyohuyo anasimulia habari ya mfalme wa Siam, Tailandi ya leo. Balozi wa Uholanzi alikuwa akimweleza mambo ya kwao, na mfalme anasikiliza vizuri. Siku balozi aliposema kwamba kwao wakati wa baridi maji hukauka yakawa magumu, watu wakatembea juu yake, na hata tembo angebebeka, mfalme akakata: mpaka hapa nilikuamini, sasa nimejua wewe ni mwongo. Mfalme hakuwa mjinga. Hakuwahi kuona barafu, basi. Kila nikiisoma habari hii namwona aliyemhoji shangazi, amekulia mahali ambapo watu wanalala mpaka asubuhi, anapima baridi ya wengine kwa joto la kwao.

David Hume, Mskoti, akaleta mizani mwaka 1748. Anakubali kwamba bila kusikia wengine hatuwezi kuishi. Ila neno la shahidi kwake lina uzito kwa sababu tu tumezoea kuona mashahidi wakisema kweli. Kisha anataja dalili za kutilia shaka: mashahidi wakipingana, wakiwa wachache, sifa zao zikiwa na mashaka, wakiwa na faida katika wanachokisema, wakisitasita, au wakikaza mno. Isome orodha hiyo ukiwa umekaa kwenye benchi la kusubiri kuitwa. Mkimbizi gani atapita? Tuko wachache kwa sababu wengine wamekufa. Faida tunayo, faida ya kuishi. Ukisita umedanganya, ukikaza umedanganya. Hume alikuwa akiandika juu ya miujiza, simlaumu sana. Nawalaumu waliohamishia mizani yake kwenye meza ya mahojiano.

Wala usidhani India wote walikuwa watu wa huruma. Wacharvaka walikubali njia moja tu ya kujua: kuona na kuhisi mwenyewe. Mwezeshaji wetu angepata marafiki hapo. Dignaga, Mbudha, alikubali mbili: kuona, na kufikia jambo kwa hoja, neno la mtu akalitia ndani ya hiyo ya pili, karibu na Hume, zaidi ya miaka 1000 kabla yake. Lakini shule ya Nyaya ilisema njia ni nne: kuona, hoja, kulinganisha, na neno. Neno linasimama kwa miguu yake. Siyo neno la yeyote, hapana. Ni la mtu wa kuaminika, na mtu huyo wanamweleza: amelijua jambo lenyewe, na anataka kulisema jinsi alivyolijua.

Hapo ndipo nilipoinuka kitandani. Vatsyayana, aliyefafanua mafundisho ya Nyaya yapata miaka 1500 iliyopita, anaongeza kwamba kipimo hicho ni kimoja kwa mjuzi mtakatifu, kwa muungwana, na kwa mleccha. Mleccha ni neno la dharau: mgeni wa kuja, asiyejua lugha yetu wala mila zetu. Yaani sisi. Huyo Mhindi wa kale, mtu wa jamii iliyopanga watu kwa matabaka, aliona kwamba mgeni akiwa ameliona jambo na anataka kulisema, neno lake ni elimu kama la mtakatifu.

Na shaka? Watu wa Nyaya walipenda ubishi kuliko sisi, na shaka waliipa heshima yake. Ila kwao shaka ina chanzo: umeona kitu kwa mbali, hujui ni nguzo au ni mtu, kwa sababu vyote vimesimama wima. Taja chanzo, tutafute. Kukunja uso siyo chanzo.

Sasa tazama meza ya anayehoji. Shangazi anasema Kibembe. Afisa hajui Kibembe. Anamwamini mkalimani kwamba ndivyo mama alivyosema. Kwa hati gani? Ana ripoti ya hali ya nchi, iliyoandikwa na mtu aliyeambiwa na watu. Ana tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, ambayo hakuiona. Aliambiwa, na karani aliandika alivyoambiwa. (Humu kambini utakuta wengi tumezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1. Hiyo nayo ni hati.) Meza nzima ni maneno ya watu. Ya shangazi tu ndiyo yameitwa maneno tu.

Najua mtanijibu: wapo wanaodanganya. Wapo, bana. Kuna simulizi zinauzwa hapa, na sisi wenyewe tunameza redio trotwari ya bombani, eti msafara wa Marekani ni Jumanne, bila kumuuliza msemaji kaonea wapi. Kipimo cha Nyaya kinatukamata na sisi. Lakini mwongo akamatwe kwa uongo wake, siyo kwa kukosa karatasi. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1979 unasema wazi kwamba wengi hufika bila hati, na kwamba kazi ya kuutafuta ukweli ni ya wote wawili, anayeomba na anayehoji. Ninyi wa mashirika mnaosoma gazeti hili mnao ofisini. Basi kabla ya kuandika "haaminiki", mwambieni mtu usoni ni neno gani limewatia shaka, na mumwache ajibu.

Rufaa ya shangazi nimeandika mimi, yeye akisema. Nikamuuliza: usiku zilikuwa mbili au tatu? Akanishangaa. Mara ya kwanza aliulizwa walitembea usiku ngapi. Mara ya pili aliulizwa walikaa porini usiku ngapi. Usiku wa kwanza hawakutembea. Mtoto alikuwa na homa, wakajificha chini ya michikichi mpaka kesho yake. "Hakuna aliyeniuliza," akasema, akarudi kupepeta mchele.