Kaggia Alijifanyia Nini?

Ukitaka kumuumiza kijana wa Nairobi siku hizi, usimwite mwizi. Mwulize tu: kwani wewe umejifanyia nini? Swali hilo si la juzi. Mwaka 1965, pale Kandara, Jomo Kenyatta alilitupa mbele ya umati, akimlenga mbunge wao Bildad Kaggia. Wenzake wa jela, kama Kungu Karumba mwenye mabasi, walikuwa wamejijenga. Kaggia je?

Haya, tujibu. Karani huyu aliingia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Mashariki ya Kati, kisha Uingereza kwenyewe. Aliporudi 1946 hakuwa tena mtu wa kuitikia "ndiyo bwana". Akawaacha wamishenari na kuanzisha dini yake mwenyewe. Halafu vyama vya wafanyakazi, KAU, Mau Mau. Usiku wa 20 Oktoba 1952 akakamatwa. Kapenguria, miaka 7 na kazi ngumu, jua la Lokitaung.

Mwaka 1963 akawa mbunge, kisha waziri msaidizi wa elimu. Mwaka uliofuata akapoteza kiti cha uwaziri. Kosa lake? Alisema mtu aliyenyang'anywa shamba hawezi kuuziwa shamba hilohilo kwa mkopo. Soma tena hiyo sentensi. Serikali ilikopa pesa Uingereza kuwalipa masetla, halafu mwananchi ndiye akatakiwa kurudisha deni, na ati anayeuliza ndiye mvivu anayetaka vya bure!

Kuna wanaomwita mjinga wa siasa. Alimfuata Odinga KPU, akaanguka uchaguzi wa 1966, akafungwa tena 1968, safari hii na serikali ya watu weusi. Ndiyo, 1969 alirudi KANU, na sitamtetea kwa hilo. Lakini hii hadithi kwamba alikufa hohehahe, mzee wa kusaga mahindi ya majirani kwa mashini ya posho, mbona tunaisimulia kama aibu yake? Mtu akitoka serikalini akiwa na mashini moja ya unga, wa kuulizwa maswali ni waliotoka na mashamba.

Sisi hatuulizi. Ile tarehe waliyokamatwa tuliisherehekea kwa jina la mtu mmoja, Kenyatta Day, mpaka katiba ya 2010 ilipoigeuza kuwa Mashujaa. Kaggia alikuwa kaburini tangu 2005.