Bibi hajapoa kiroho, anaumwa magoti

Hii ni sehemu ya saba ya mfululizo wetu wa kuwatunza wazee nyumbani. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama unanyonyesha, jiegemeze vizuri usome taratibu.

Wiki iliyopita tuliongelea chakula cha mzee asiye na meno. Ujumbe mwingi mlionitumia baada ya hapo haukuwa wa chakula, ulikuwa wa imani. Mmoja anasema mama mkwe wake ameacha kwenda jumuiya. Mwingine anasema baba yake, mzee wa kanisa miaka yote, siku hizi Jumapili anabaki kitandani. Wa tatu anasema bibi yake alikuwa haachi kufunga Kwaresima, sasa anakula kama kawaida. Na karibu wote mmemalizia na neno lilelile: amepoa kiroho.

Mimi ni nesi, siyo mchungaji wala katekista. Lakini neno hilo nimelisikia mara nyingi, na msimamo wangu ni huu: kabla hujasema mzee amepoa kiroho, mwangalie mwili kwanza. Mara nyingi imani iko palepale. Kilichogoma ni magoti, macho, masikio au kibofu.

Tuanze na magoti. Mwanza yetu ni ya mawe, mnajua. Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba nyingi ziko juu huko katikati ya mawe, gari halifiki, na bodaboda inakuacha chini. Wewe wa miaka 28 unashuka na mtoto mgongoni huku unaongea na simu. Mwenye magoti yaliyosagika, kushuka kunamuuma hata kuliko kupanda. Afike chini, agombanie daladala, akalie benchi lisilo na egemeo saa mbili, asimame, apige magoti, asimame tena. Halafu arudi akaanze kupanda mlima. Mzee huyo akikwambia "leo nitasali hapahapa nyumbani", hajamkataa Mungu. Amepiga hesabu ya mwili wake.

Kibofu sasa. Hili hawalisemi, na nalileta kwa heshima. Mama aliyezaa watoto saba au nane, misuli ya chini imelegea. Akikohoa, mkojo unatoka kidogo. Mzee wa kiume ana tezi dume, anaamka usiku mara tano. Choo cha kanisa kiko nyuma, mbali, ni cha kuchuchumaa na kina ngazi. Tena wapo wanaotumia kidonge cha presha kinachoongeza mkojo. Basi kila Jumapili asubuhi anachagua: ameze dawa akose ibada, au aende ibada aiache dawa. Wengi wanaiacha dawa kimyakimya. Mwenzangu, hili linatatulika! Muulize daktari au nesi wake kama dozi ya Jumapili inaweza kumezwa baada ya ibada. Swali la dakika moja. Lakini lazima kwanza ajue kwamba hutamcheka.

Macho na masikio. Biblia yake ina maandishi madogo, na miwani ya kusomea hajawahi kununuliwa. Au ana mtoto wa jicho, ambaye anaondolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu, lakini nyumbani wameshasema "ni uzee tu". Masikio nayo, kanisani spika zinapiga mpaka ukuta unatetemeka, tunadhani ndiyo atasikia. Kwa sikio lililochakaa, kelele kubwa haimaanishi maneno yanaeleweka. Anachoka, anasinzia, na watoto wanamcheka kwamba bibi analala kwenye mahubiri.

Biblia yenyewe inaufahamu uzee vizuri kuliko sisi. Someni Samweli wa Pili, sura ya 19, habari za mzee Barzilai. Ana miaka 80. Mfalme Daudi anamwalika akakae naye Yerusalemu, mzee anakataa kwa upole. Anaeleza kwamba ladha ya chakula haisikii tena, sauti za waimbaji nazo hazisikii, ataenda kuwa mzigo tu. Daudi hakumwambia amepoa. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi kwake.

Na kufunga je? Wakatoliki wenzangu, hili liko wazi kabisa. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, wajibu wa kufunga unakoma mtu anapoanza mwaka wake wa 60. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya komunyo, wazee na wagonjwa hawabanwi nayo. Kwa hiyo bibi anayekunywa uji wake Ijumaa Kuu havunji kitu. Na kama anatumia dawa za kisukari, kufunga bila kumwambia daktari kunaweza kushusha sukari ghafla mpaka apoteze fahamu. Ninyi wa AIC, Walutheri na Wapentekoste, kaeni na mchungaji wenu mlizungumze hili kabla mfungo haujatangazwa, siyo siku ya tatu ya mfungo mzee akiwa ameanguka.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna kosa lingine linalotumaliza. Ni mzee kuombewa Jumapili, na Jumatatu mtoto wake anakusanya dawa zote anaziweka juu ya kabati: "Mama ameshapokea uponyaji." Presha haipigi kelele. Mtu anaweza kuacha dawa akajisikia vizuri kabisa, akaimba, akapika, huku mishipa inaumia. Kelele inakuja siku mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Hapo ni kiharusi.

Sisemi msiombe. Mimi naomba, na nimeona wagonjwa wakitulia wakiombewa. Ninachosema ni kwamba maombi hayagombani na kipimo. Yesu alipowatakasa wale kumi wenye ukoma, katika Luka 17, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa wakikagua ukoma wakati ule. Yaani hata muujiza ulipelekwa ukaguliwe. Ukiamini mama yako amepona, utukufu kwa Mungu, mlete tupime. Presha ikiwa sawa, daktari atasema dawa ipunguzwe au ibaki. Makanisa yaliyotuletea Injili huku Kanda ya Ziwa ndiyo yaliyojenga Bugando, Sengerema na Kolandoto. Waliojenga walikuwa watu wa sala, na bado walijenga wodi.

Kuna jambo jingine tunalolisahau: wazee wetu wamebeba misiba. Mama aliyekuwa na miaka 40 siku MV Bukoba inazama, tarehe 21 Mei 1996, leo ana umri wa miaka 70. Wapo waliopoteza watoto siku ile, na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, vidonda vikafunguka upya. Mzee wa namna hiyo akikaa kimya wakati wengine wanaruka kwenye sifa, usimsukume acheze. Inawezekana anasali kuliko wote humo ndani. Ila kama hali, halali, na hataki hata kuona wajukuu kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Mlete.

Nifike kwenye zito zaidi. Jamani, huku kwetu Usukumani kumshuku mzee kunaua. Tunajua wote habari za bibi waliokatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu. Kama nesi nawaambia: macho yale yamepikia watu miaka 50. Yamekaa kwenye moshi wa kuni, wa mabua ya pamba na wa kinyesi cha ng'ombe, jikoni kusiko na dirisha. Mengine yana trakoma, mengine ukavu wa uzee. Huo ni ugonjwa, na una dawa. Isaka alizeeka macho yakafifia. Kuhani Eli alifika miaka 98 haoni. Hakuna aliyewaita wachawi.

Kumwita mtu mchawi ni kosa kisheria, lakini sheria inafika baada ya panga. Wewe mama uko hapo kabla. Maneno yanaanza padogo sana: mtoto ana homa, jirani anauliza nani alimbeba jana, mtu anataja jina la bibi. Hapo ndipo Mkristo anatakiwa kufungua mdomo na kusema, "Mtoto tumempima, ni malaria. Bibi muacheni." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha ya mtu. Na yule mzee aliyeacha kuja kanisani, asiyetembelewa na mtu, ndiye wa kwanza kutajwa. Ndiyo maana neno "amepoa" linanitisha. Leo tunasema amepoa, kesho tunamuacha peke yake, keshokutwa hana wa kumtetea.

Kuhusu jiko, tusingoje miradi. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Bibi yako ana miaka yote hiyo ya kusubiri? Toboeni dirisha jikoni. Kama mnaweza, mnunulieni mtungi mdogo wa gesi na mumfundishe kuuzima.

Na hela? Hapa nitawachokoza kidogo. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali yao imeshawekwa wakfu kwa Mungu, yaani korbani, kwa hiyo hawana cha kuwasaidia wazazi. Dada yangu, kama umeahidi laki mbili za ujenzi wa kanisa na mama yako hana nauli ya kliniki, soma sura hiyo tena polepole. Amri ya kuwaheshimu baba na mama, Wakatoliki na Walutheri tunaihesabu ya nne, wenzetu wa AIC na Waadventista wanaihesabu ya tano. Namba zinatofautiana, amri ni moja, na walioambiwa kwanza walikuwa watu wazima, siyo watoto wa darasa la kwanza.

Mjue pia haki yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na inataka wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nendeni serikali ya mtaa au ya kijiji muulizie utambulisho wake, na hospitalini muulize dirisha la wazee. Na wale ambao wazazi wako Sengerema, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Nendeni mkawaone, maana wengi wetu tumewapelekea watoto wa kulea, na pamoja na watoto hatukupeleka hata sabuni.

Picha ninayowaachia iko Kutoka 17. Musa ni mzee, ana miaka kama 80. Akiinua mikono, Israeli wanashinda, ikishuka, wanashindwa. Mikono ikachoka. Haruni na Huri hawakusema Musa amepoa, wala hawakumpa mahubiri juu ya uvumilivu. Walitafuta jiwe wakaliweka chini yake akaketi, halafu wakamshika mikono, mmoja huku, mwingine huku, mpaka jua likazama. Imani ya mzee ilishikiliwa na jiwe na mikono ya watu. Na sisi watu wa Mwanza, jamani, tukose vyote, siyo mawe!

Kazi ya wiki hii, chagueni hata moja:

1. Muulize mzee wako, mkiwa wawili tu, ni nini kinachomfanya asiende ibada. Usikilize bila kumkatiza.
2. Mwombeni kiongozi wa jumuiya ibada ya wiki ifanyike nyumbani kwake. Akiwa Mkatoliki, ombeni apelekewe komunyo. Mpako wa wagonjwa nao si wa kufia tu, aupokee akiwa bado anaongea.
3. Ongea na wazee wa kanisa: viti vichache vyenye egemeo karibu na mlango, na choo kimoja cha kukalia.
4. Toeni dawa zote mezani, mhesabu vidonge. Vikizidi kuliko inavyopaswa, msimgombeze. Muulize kwa nini.
5. Mpe mjukuu mmoja kazi ya kumsomea Biblia kila jioni. Timotheo aliipata imani kwa bibi yake Loisi, na sasa ni zamu ya mjukuu kumrudishia bibi.

Sehemu ijayo tutaongelea usingizi wa wazee na kuanguka usiku. Mwenye swali aandike hapo chini, ila tafadhali msiweke majina wala picha za wazee wenu, nao wana heshima yao.